Fedha za utafiti wa vyuo vikuu zifuate msimu wa mvua

KILA mwaka Bunge la Bajeti linapokutana Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakulima hutega masikio wasikie habari za ruzuku ya mbolea, na wafanyabiashara wadogo husubiri kujua ni kodi gani imepanda na ni ushuru gani umefutwa. Fungu la utafiti wa vyuo vikuu hupita kimya. Wabunge wachache hulichangia, magazeti huliandika kwa mistari miwili mitatu, na mtu wa shambani au sokoni huliona kuwa ni jambo la maprofesa na vitabu vyao.

Sisi tunaamini fungu hilo linamhusu mkulima na mfanyabiashara mdogo sawasawa na mbolea. Tena tunaamini kuwa jinsi fedha hizo zinavyotolewa, lini zinafika na nani anachagua la kuchunguzwa, ni mambo yenye uzito kuliko hata kiasi chenyewe kinachotangazwa.

Chukua mfano wa maharage. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kilitoa mbegu ya SUA 90 mwaka 1990. Ikafuata Rojo mwaka 1997, kisha mwaka 2006 zikatoka mbili kwa pamoja, zikapewa majina ambayo hayahitaji mkalimani: Mshindi na Pesa. Mbegu hizo hazikuokotwa njiani. Nyuma yake kuna miaka mingi ya kuchavusha ua kwa mkono, kupanda, kuchagua, kutupa na kupanda tena, kisha kuzipeleka kwa wakulima wazijaribu, na kuwauliza kina mama kama zinaiva upesi jikoni na kama mchuzi wake ni mzito.

Nani alilipia kazi hiyo? Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa walipa kodi wa Marekani, kupitia mpango wa utafiti wa maharage na kunde uliogharimiwa na shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, na ulioviunganisha vyuo vikuu vya huko na SUA. Kwa maneno mengine, mkulima wa Oregon au Michigan alichangia maharage yanayouzwa leo kwa debe katika masoko ya Tanzania, pengine bila yeye mwenyewe kujua.

Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje. Julai 1 mwaka huo huo USAID ikafungwa rasmi na kazi zake zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Maabara nyingi za vyuo vikuu vya Marekani zilizokuwa zikishirikiana na vyuo vya Afrika chini ya mpango wa Feed the Future zilipokea barua za kusitishiwa fedha huku kazi ikiwa katikati. Jaribio la shambani haliwezi kuambiwa lisubiri. Mimea isipopimwa wiki ya sita, kipimo cha wiki ya sita kimepotea na msimu mzima umepotea nacho. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuwa akihesabu majani yenye ugonjwa hukunja daftari akarudi nyumbani.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu wafadhili. Sweden imekisaidia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika utafiti tangu mwaka 1977, na Norway imekuwa na SUA kwa miongo kadhaa. Ubelgiji ndiyo iliyotoa fedha za mwanzo za kazi ya wale panya buku ambao tangu mwaka 2000 wanafundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kunusa makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangaza mwaka 2015 kuwa imekwisha kusafisha maeneo yote yaliyojulikana kuwa na mabomu hayo. Ni sifa kubwa kwa Morogoro na kwa Tanzania.

Lakini mwenye fedha ndiye mwenye kuchagua swali. Mfadhili akitaka mabomu, panya watafundishwa mabomu. Mfadhili akitaka mabadiliko ya tabianchi, kila andiko la utafiti litaanza na maneno mabadiliko ya tabianchi, hata kama mwandishi wake alikuwa na shida ya kujua kwa nini vitunguu vya Mang'ola vinaoza ghalani. Mkulima hana mahali pa kupeleka swali lake, kwa sababu mkulima hajawahi kuwa mfadhili. Au tuseme amekuwa mfadhili kwa kodi na ushuru wake, ila hajawahi kuulizwa.

Si kwamba serikali zetu hazijui umuhimu wa jambo hili. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itumie asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti na maendeleo. Tanzania ilikuwa tayari na chombo chake, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, unaojulikana kwa jina la MTUSATE. Serikali ya Awamu ya Nne chini ya Rais Jakaya Kikwete iliirudia ahadi ile ya asilimia 1. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilionyesha Tanzania ikitumia karibu nusu ya asilimia kwa utafiti wa kila aina, na sehemu kubwa ya fedha za utafiti nchini imekuwa ikitoka nje.

Majirani zetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi, angalau kwenye karatasi. Sheria yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kutaja asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Fedha zilizoingia kwenye mfuko huo hazijawahi kukaribia kiwango hicho.

Asilimia ni neno tamu jukwaani. Tuliache kwa sasa, tuangalie jinsi ruzuku ya utafiti inavyotembea kutoka Hazina hadi kwenye jaruba, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Tume au chuo hutangaza kuwa kuna fedha. Mhadhiri huandika andiko akieleza swali lake, njia atakayotumia na gharama. Andiko husomwa na wataalamu wenzake ambao hawajui limeandikwa na nani, au ndivyo inavyotakiwa. Jopo huyapanga maandiko kwa alama, yanayofaulu husainiwa mkataba, na fedha hutolewa kwa awamu, awamu ya pili ikingojea taarifa ya matumizi ya awamu ya kwanza. Utaratibu huu ni mzuri na hatuna ugomvi nao. Ndivyo wanavyofanya duniani kote, na ndio unaomwezesha mhadhiri kijana asiye na jina kumshinda profesa mwenye jina.

Ugomvi wetu ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma, mbegu huingia ardhini Novemba na Desemba. Kaskazini na pwani kuna vuli ya Oktoba na masika ya Machi. Chukulia kwamba andiko limepitishwa Septemba, mkataba ukasainiwa Novemba, na fedha za awamu ya kwanza zikaingia benki Februari. Wakati huo mahindi ya Songea yamekwisha kutoa mbelewele. Bado kuna zabuni ya kununua mbolea na vifaa vya maabara, ambayo nayo ina wiki zake kwa mujibu wa sheria ya ununuzi.

Mtafiti afanyeje? Ama angoje miezi tisa, na taarifa yake ya matumizi ionekane ya mtu mvivu, ama apande kwa kumwagilia katika bustani ya chuo, mahali pasipofanana na shamba la mtu yeyote. La pili ni jepesi. Hii ni sababu mojawapo ya mkulima kuambiwa kuwa mbegu fulani inazaa magunia mengi kuliko aliyowahi kuvuna maishani, naye akiipanda anaambulia yale yale ya mwaka jana. Mbegu haikudanganya. Ilijaribiwa mahali penye maji na mwangalizi wa mshahara, ikapelekwa mahali penye jua na mbuzi.

Kuna jambo jingine la muda. Tangu siku ya kuchavusha ua hadi mbegu ya maharage kupita majaribio yanayosimamiwa na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu (TOSCI), inaweza kupita miaka minane hadi kumi. Mkataba wa ruzuku kwa kawaida ni wa miaka miwili au mitatu. Maana yake ni kwamba mzalishaji wa mbegu inabidi aombe upya mara tatu au nne kwa mbegu ile ile, na akikosa mara moja tu, vizazi vya mbegu alivyochagua hubaki kwenye bahasha vikipoteza uotaji mwaka hadi mwaka. Anayefuga ng'ombe anaelewa hesabu hii. Huwezi kumlisha ndama miaka miwili, ukamwacha mmoja, kisha ukarudi kudai maziwa.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi wanalipuuza, nalo ni mgawanyo wa fedha hizi kati ya fani. Watu wakisikia utafiti hufikiria koti jeupe na darubini. Uchumi, sheria, jamii na lugha huonekana ni anasa. Tunaomba msomaji atazame sumukuvu.

Mwaka 2004 huko Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, na 20 kati yao hawakupona. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Zuio lilidumu siku chache tu kabla ya kulegezwa kwa masharti, lakini mwenye lori la mahindi mpakani alizihesabu siku hizo kwa gharama za dereva, maegesho na bei iliyoshuka. Kiwango kinachoruhusiwa cha sumu hiyo katika mahindi ni mikrogramu 10 tu kwa kilo. Haionekani kwa macho, haina ladha, na moto wa kupikia ugali hauiondoi.

Hilo ni tatizo la fani gani? Kuvu ni la mwanabiolojia. Ini lililoharibika ni la daktari. Kifaa cha kukaushia mahindi ni la mhandisi. Lakini kwa nini mkulima avune mahindi kabla hayajakauka? Kwa sababu ada ya shule imefika, au wezi na mifugo wanayanyemelea shambani, na hayo ni ya mchumi na mtaalamu wa jamii. Kwa nini asikaushe vizuri? Kwa sababu mnunuzi anayefika kijijini hutoa bei ile ile kwa mahindi makavu na mabichi, na mabichi ni mazito zaidi kwenye mizani. Kwa nini mnunuzi asipime unyevu? Hilo ni la sheria na viwango. Na nani atamweleza mama wa Kondoa jambo asiloweza kuliona wala kulionja, kwa maneno atakayoyaamini? Hapo anahitajika mtu wa lugha. Ukimpa ruzuku mtu wa kuvu peke yake, atakuletea jibu sahihi kuhusu kuvu, na mwakani watu wataugua tena.

Mfano wa kazi iliyofanywa vizuri upo, na pengine msomaji anao nyumbani. Mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, ilianzia katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana nchini Marekani, ambacho tangu mwaka 1987 kilishirikiana na watafiti wa Kameruni kutafuta njia ya kulinda kunde dhidi ya wadudu bila dawa. Fedha zilikuwa za serikali ya Marekani. Katika kundi lile alikuwamo mtaalamu wa wadudu, Larry Murdock, na mchumi wa kilimo, Jess Lowenberg-DeBoer. Wa kwanza alijua kwamba hewa ya oksijeni ikiisha ndani ya mfuko wadudu hukauka na kufa. Wa pili aliuliza kama mkulima angeweza kumudu bei, na kama muuza duka angepata faida ya kumfanya auagize tena. Leo mifuko hiyo inauzwa katika maduka ya pembejeo ya hapa nchini. (Tukumbushane tu kwamba haikaushi mahindi. Ukiweka mabichi utakuta yameoza, na mfuko hauna kosa.)

Au tuchukue lumbesa, ambayo kila mkulima wa viazi na vitunguu anaijua mgongoni mwake. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wapo, faini zipo, matamko ya viongozi yamesikika mwaka baada ya mwaka, na lumbesa bado inapakiwa. Wanaouza kwa hesabu ya gunia badala ya kilo, wasafirishaji wanaotoza kwa gunia, masoko yanayotoza ushuru kwa gunia, wote wanavuta kamba upande mmoja. Hakuna darubini itakayoonyesha jambo hilo. Linahitaji mtu wa uchumi na mtu wa sheria wakae Makambako au Lushoto msimu mzima, wafuate gunia moja hadi Dar es Salaam na kuandika nani analipwa nini wapi. Gharama yake si kubwa hata ukiilinganisha na kifaa kimoja cha maabara.

Kwa hiyo tulipokea kwa hisia mbili tangazo la serikali la mwaka 2022 la kumzawadia Sh milioni 50 mtafiti wa chuo kikuu ambaye makala yake itachapishwa katika jarida la kimataifa la hadhi ya juu, zawadi iliyolenga kwanza sayansi na tiba. Kumtunza mtaalamu ni jambo jema. Lakini zawadi huja baada ya kazi, wakati aliyekwama amekwama kabla ya kazi. Tena jarida hilo ni la Kiingereza, na mara nyingi kulisoma ni kwa kulipia. Mtafiti mwenye akili atachagua swali litakaloyapendeza majarida ya London, naye hatakuwa na kosa, maana ndiko zawadi iliko. Swali la lumbesa halitachapishwa huko.

Nani amefanya vizuri zaidi? Tutataja jimbo la São Paulo nchini Brazili, kwa sababu mkulima wa machungwa wa Muheza ataielewa habari yake mara moja. Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1947 ilitaja sehemu ya mapato ya kodi iende kwenye mfuko wa utafiti, mfuko huo, unaoitwa FAPESP, ukaanza kazi mwaka 1962, na katiba ya mwaka 1989 ikapandisha sehemu hiyo hadi asilimia 1 ya mapato ya kodi ya jimbo. Fedha huingia kila mwezi, si kwa hisani ya waziri. Hugharimia fani zote, kuanzia fizikia hadi historia. Na sheria inauzuia mfuko kutumia zaidi ya asilimia 5 ya fedha zake kwa uendeshaji, yaani mishahara ya ofisini, magari na chai.

Mwaka 1997 mfuko huo uliamua kugharimia kazi ya kusoma vinasaba vyote vya bakteria anayeitwa Xylella fastidiosa, anayeziba njia za maji ndani ya mchungwa hadi matunda yakabaki madogo na magumu. Kazi iligawiwa kwa maabara zaidi ya 30 za vyuo na taasisi za jimbo, na mfuko wa wakulima wenyewe wa machungwa, Fundecitrus, ukachangia fedha. Julai 2000 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, na ikawa mara ya kwanza duniani kwa vinasaba vyote vya kijidudu cha ugonjwa wa mimea kusomwa. Hawakufanya hivyo Wamarekani wala Wajapani. Walifanya watu wa nchi ya machungwa, kwa fedha ya kodi yao na ya wakulima wao, kuhusu ugonjwa wa kwao.

Kwetu sisi wakulima walio karibu zaidi na hali hiyo ni wa korosho, nao wana la kusimulia. Asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi ilikuwa ikirudi kuendeleza zao, ikiwamo kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Juni 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyopeleka ushuru wote Mfuko Mkuu wa Hazina, baada ya mjadala mkali ambao wabunge wa kusini hawatausahau. Uzalishaji uliokuwa umepita tani 300,000 katika msimu wa 2017/18 ulishuka katika misimu iliyofuata. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, na si haki kuutwika uamuzi ule mzigo wote. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilianza kurudisha sehemu ya ushuru huo kwenye zao. Naliendele si chuo kikuu, lakini lililoipata linaweza kuupata mfuko wowote wa utafiti ambao fedha yake inaweza kuhamishwa kwa kura ya jioni moja.

Wapo watakaosema nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina fedha ya kuwapa maprofesa. Tumekwisha kujibu: sumukuvu ya 2016 ililetwa zahanati. Hoja nzito zaidi inatoka vijijini. Wakulima wanalalamika kwamba kila mwaka huja vijana na madodoso, wanauliza una mke wangapi, una kuku wangapi, paa lako ni la bati au nyasi, kisha wanaondoka na hawarudi tena. Na mjini watu wanasema utafiti ni warsha, warsha ni posho na chupa ya maji. Malalamiko hayo yana ukweli, na vyuo visiyachukulie kuwa ni ujinga wa wananchi. Mtu aliyetoa siku yake ya palizi kujibu maswali 80 ana haki ya kuambiwa majibu yalikuwa nini.

Dawa yake ni kuweka masharti, na yasiwe mengi. Orodha ya ruzuku zote zilizotolewa, jina la mradi, chuo na kiasi, ichapishwe kila mwaka kwa Kiswahili ili mtu wa Kibaigwa ajue nani anachunguza mahindi yake kwa fedha yake. Awamu ya mwisho ya fedha isitolewe mpaka matokeo yamerudishwa kwenye vijiji yalikotoka, kwa Kiswahili, kupitia kwa bwana shamba au redio ya eneo. Maandiko yapokelewe na kuchambuliwa kati ya Januari na Mei, ili mikataba iwe imesainiwa mwaka wa fedha unapofunguliwa Julai, na fedha ya kazi za shambani itangulie nyingine zote. Kwa kazi za uzalishaji wa mbegu na mifugo, mkataba uwe wa miaka mitano kwa uchache, ukikaguliwa katikati. Na liwepo dirisha moja ambalo andiko halipokelewi kama limeandikwa na watu wa fani moja.

Kuhusu nani achague swali, hatudai mkulima akae kwenye jopo la kupima usahihi wa takwimu. Hiyo ni kazi ya wenye taaluma. Lakini kabla ya tangazo la ruzuku kutoka, wawakilishi wa vyama vya ushirika, wa wafugaji na wa wafanyabiashara wa masoko wanaweza kabisa kusema ni mambo gani kumi yanawaumiza. Nane Nane ipo kila Agosti, Morogoro, Mbeya na kwingineko, na vyuo vina mabanda yao pale yenye picha na vipeperushi. Badala ya kumwonyesha mkulima picha tu, banda hilo limwandikie swali lake kwenye daftari, na daftari liende COSTECH.

Majengo tunayapata. Mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia kwa elimu ya juu, ulioidhinishwa mwaka 2021 chini ya mradi wa HEET, uliwekwa kwa ajili ya madarasa, maabara, mitaala na kusomesha wahadhiri. Maabara hizo zitahitaji kemikali, umeme, mafuta ya gari la kwenda shambani na mwanafunzi wa kuhesabu majani. Mkopo hautalipia hayo miaka yote, na deni lake litalipwa na huyu huyu muuza vitunguu.

Tunawaomba wabunge wanaotoka majimbo ya wakulima wawe na swali moja mkononi wizara itakapowasilisha makadirio yake. Wasiulize ni kiasi gani kilichotengwa kwa utafiti. Jibu la swali hilo huwa limeandaliwa vizuri. Waulize fedha zilizopitishwa mwaka jana ziliingia kwenye akaunti za SUA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mzumbe na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha tarehe ngapi, mwezi gani. Kisha waiombe Mamlaka ya Hali ya Hewa kalenda ya mvua ya mwaka huo huo, waziweke karatasi hizo mbili mezani pamoja, na waziri aeleze.